Kazi ya Kushusha Stendi

Aliyeunda pikipiki ile hakuwa na mke mfupi. Fundi alilisema hilo siku ya kwanza alipoiona imesimama mbele ya nyumba yake, na aliendelea kulisema miaka yote, hasa wageni wakiwapo.

Ilikuwa pikipiki ya safari za porini, ya kupita makorongoni na juu ya mawe, ndefu kwenda juu, tenki pana, kiti kiko huko mawinguni. Mtu wa kimo cha kawaida aliipanda kama anayeruka ukuta. Na mkewe hakuwa mtu wa kimo cha kawaida. Alikuwa daktari wa mifugo, mfupi hasa, mfupi wa kuombwa asimame wakati amesimama. Wafugaji walimpachika jina la Pilipili kwa sababu mbili, udogo wake na ulimi wake, lakini mbele yake walimwita Daktari, maana hakuna aliyetaka kuujaribu huo ulimi. Ofisi ilimkabidhi pikipiki ile wakati hakukuwa na nyingine. Baadaye zikaletwa fupi, akaambiwa achague. Akakataa kata kata. "Hii tumeshazoeana," alisema, na aliyezisambaza akaondoka akitikisa kichwa.

Kuiendesha haikuwa taabu. Taabu ilikuwa kusimama. Ili kuishusha stendi, yaani kile chuma cha ubavuni ambacho pikipiki hukiegemea ikiachwa, ilimpasa akiwa bado amekaa anyanyue mguu wa kushoto, aitafute stendi huko chini ilikojikunja, aisukume mpaka ifunguke. Muda wote huo mzigo mzima hubebwa na mguu wa kulia, na mguu wa kulia wa Daktari uligusa ardhi kwa ncha ya kidole gumba tu. Springi ya stendi nayo ilikuwa ngumu, kaidi kuliko punda. Juma la kwanza pikipiki ilimwangusha mbele ya ofisi, ikamwangusha mnadani katikati ya ng'ombe, ikamwangusha mbele ya mkuu wake wa kazi aliyekuwa amenyoosha mkono kumpongeza.

Huko kazini akajifunza njia zake. Kila boma alilijua kwa jiwe lake. Kwa mama mwenye mbuzi wa maziwa kulikuwa na ngazi ya jikoni ya kuwekea mguu, kwa mzee wa kondoo kulikuwa na kisiki, kwa wale ndugu wawili wasiosemezana kulikuwa na mpaka wa mawe, na huo angalau ulikuwa na faida kwa mtu mmoja. Wakati wa mvua alitembea na kifuniko cha kopo kilichofungwa kamba. Alikidondosha chini kwanza, stendi ikakanyaga hapo isizame matopeni, na akiondoka alikivuta kwa kamba yake.

Nyumbani hakuhitaji jiwe wala kisiki. Nyumbani alikuwapo Fundi.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea chumba cha mbele, dirisha likitazama barabara, na mlio wa pikipiki ile aliujua tangu ikiwa bado kwenye kona ya duka la vifaa. Aliusikia, akaacha nguo chini ya sindano, akatoka na utepe wa kupimia shingoni na pini mdomoni. Alishika usukani kwa mkono, akaisukuma stendi kwa mguu mara moja, akamwambia mkewe, "Haya, teremka, mheshimiwa." Pikipiki ile ilikuwa na tabia moja: stendi ikishuka wakati gia imeingia, injini hujizima yenyewe. Kwa hiyo Daktari hakuwahi kuuzima moto kwenye geti lake. Alikaa na gia ya kwanza, ameibana klachi, akimngoja mumewe auzime kwa mguu. Ndivyo walivyozoea. Siku moja Daktari alileta tofali zuri, akaliweka pembeni mwa geti ili awe anakanyagia. Kesho yake halikuwapo.

"Tofali langu liko wapi?" aliuliza.

"Tofali ni la asiye na mume," Fundi akamjibu, pini zikiwa bado mdomoni. "Wewe unaye."

Hivyo ndivyo walivyoishi, wakamlea binti yao mmoja mpaka akawa mwalimu kwenye mji wa mbali. Majirani waliwacheka, na wao wenyewe walijicheka kabla ya majirani.

Kisha kiharusi kikamkamata Fundi upande wa kulia. Kilimkuta akishona sare za shule. Kitambaa kilianza kutembea ovyo chini ya sindano, akakitazama akidhani mashine imeharibika, mpaka akagundua kuwa ulioharibika ni mkono. Maneno yalimrudia taratibu, mguu ukarudi nusu. Mkono haukurudi. Cherehani ikafunikwa shuka. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa, mmoja mmoja, kwa adabu zote, wakisema hawana haraka, watarudi akipona. Hakuna aliyerudi. Fundi aliwaaga vizuri, na wa mwisho alipoondoka aliomba dirisha lifungwe.

Daktari akawa mikono yake. Alimvisha shati, alimfunga kamba za viatu, alimkatia nyama vipande vidogo. Fundi alikubali yote, lakini alikubali kama mtu anayetozwa faini. Zamani alikuwa na utani kwa kila jambo. Sasa siku nzima ilipita kwa "asante" na "inatosha". Hayo yalimuuma Daktari kuliko ugonjwa wenyewe. Ugonjwa alikuwa na maneno ya kuuzungumzia.

Siku aliyorudi kazini, alipokata kona ya duka la vifaa jioni, alikuwa amekwisha kujipanga kukaa juu ya pikipiki mpaka apite jirani yeyote amshikie. Akasimama getini, akabana klachi. Ndipo akasikia fimbo ikigonga sakafu. Ikagonga ukumbini, ikagonga mlangoni, ikagonga kwenye saruji ya nje. Fundi akatokea, kiatu kimoja kikiwa na kamba zilizolegea, akaegemeza mgongo kwenye nguzo ya geti, akainyoosha fimbo kwa mkono wa kushoto, akaisukuma stendi kwa ncha yake. Ikagoma. Akajaribu tena, injini ikazimika.

"Haya, teremka, mheshimiwa," alisema, polepole, neno kwa neno.

Usiku ule alikula vizuri, tena akamcheka mtangazaji wa redio. Daktari akaona wazi, kama anavyoona homa kwenye macho ya ndama, kwamba mtu huyu amebakiwa na kazi moja duniani, na kazi yenyewe ni hiyo.

Miezi ikaenda hivyo. Halafu ikaja jioni ambayo fimbo iliteleza. Stendi ilifunguka nusu tu, na hiyo nusu ilitosha kuizima injini. Daktari aliposikia kimya alidhani mambo yamekamilika, maana kwa miaka yote kimya hicho ndicho kilichokuwa ishara yao. Akailaza pikipiki juu ya stendi. Stendi ikajikunja, na lile dude lote likaenda chini na yeye juu yake, upande ule ule aliosimama mumewe. Usukani ulimpiga Fundi mbavuni, akaanguka chali. Walilala pale kwenye saruji, mmoja huku na mwingine kule, mpaka muuza mkaa aliyekuwa akipita akatua gunia lake na kupiga kelele za kuita watu.

Mbavu hazikuvunjika, zilivimba tu. Binti yao alikuja na basi la asubuhi, akaangalia hiki, akaangalia kile, akaketi katikati yao kama hakimu.

"Mama, uza hiyo pikipiki," alisema. "Mnachezea kifo, nyie wawili."

"Nitaendea nini kazini? Nipande mbuzi?"

"Basi angalau utafute mtu wa kukushushia hiyo stendi. Si Baba. Baba hana nguvu, na wewe unaona."

Walikuwa wakiongea kana kwamba Baba hayupo, na Baba alikuwa amekaa kwenye kochi hatua chache kutoka hapo, uso ameuelekeza ukutani.

"Mtu yupo," alisema Fundi. Hakugeuka. Binti akamtazama mama yake, mama akatazama kikombe chake, na mazungumzo yakaishia hapo.

Lakini Daktari hakulala vizuri. Kila akifumba macho aliona ule usukani ukishuka. Ingekuwa kichwa je? Binti alipoondoka, yeye akaenda kwa mchomeleaji wa vyuma, jamaa mmoja aitwaye Cheche kwa ajili ya kazi yake, na kwa ajili ya hasira zake pia. Cheche aliizunguka pikipiki, akachuchumaa, akaivuta stendi na kuiachia.

"Hii si kazi ya kuumiza kichwa," alisema. "Nakuchomelea kidole cha chuma hapa, kitokeze nje kidogo. Utakigusa kwa kisigino bila kunyanyua mguu. Unasukuma mbele, basi. Miaka yote hii, Daktari, kwa nini hukuja?"

"Sikuwa na shida."

"Na sasa?"

"Sasa ninayo. Choma."

Cheche akachoma, akapiga brashi, akapaka rangi nyeusi. Daktari akapanda kujaribu pale pale uwanjani, katikati ya mageti yasiyokamilika. Kisigino kikakutana na kidole, stendi ikaenda mbele kwa sauti nzuri ya chuma, pikipiki ikalala juu yake ikatulia. Akarudia mara nyingine, na nyingine. Kwa mara ya kwanza maishani alishuka kwenye ile pikipiki bila jiwe, bila kisiki, bila mtu. Alifurahi, na hakuna sababu ya kuficha. Alicheka peke yake njia nzima.

Kwa furaha hiyo hiyo, alipofika nyumbani hakungoja. Fundi siku hiyo alichelewa kutoka, na Daktari akawaza kuwa akimpunguzia safari moja si vibaya. Akashusha stendi kwa kisigino, akateremka, akavua kofia. Fundi alipofika mlangoni, fimbo mkononi, kamba za viatu zinaburuzika, alikuta pikipiki imesimama na mkewe amesimama kando yake.

"Umeshuka mwenyewe," alisema.

"Aa, jirani kapita hapa, kanishikia." Uongo ulimtoka haraka kuliko alivyotaka.

Fundi aliitazama stendi, akamtazama mkewe. "Basi kesho huyo jirani akupikie na chai," alisema, akageuka. Kugeuka kwenyewe kulimchukua muda, na Daktari alisimama akitazama kila hatua. Usiku ule redio haikufunguliwa. Fundi alikataa kuvuliwa viatu, akalala navyo.

Toka hapo Daktari alikata shauri: kwenye geti lile hatashuka kabla ya mumewe kutoka, hata kunyeshe mawe. Kidole cha chuma kikabaki kuwa siri ya huko mashambani. Akifika nyumbani alikaa juu, gia ya kwanza, klachi imebanwa, akawa yule yule mwanamke mfupi asiyeweza. Mkono wa klachi ulimuuma mpaka akawa anaulaza kwenye maji ya moto kila jioni, na mumewe akiuliza alisema ni sindano za ng'ombe. Na Fundi alitoka. Wakati mwingine alitoka upesi, wakati mwingine alianza kutafuta kiatu, kisha fimbo, kisha kiatu tena, kumbe alikuwa amekishika muda wote. Wapita njia walimtania.

"Daktari, leo umefungiwa nje?"

"Namsubiri mwenye mlango," aliwajibu.

Jioni moja Cheche mwenyewe alipita. Alimwona amekaa pale amebana klachi, jasho linamtoka, na kidole cha chuma alichokichoma kwa mkono wake kiko pale chini ya kisigino chake. Akafungua mdomo. Daktari akamkata jicho moja tu. Cheche akaufunga mdomo, akasema, "Jioni njema," akapita zake.

Fundi hakuwa mjinga. Mtu aliyeishi kwa kupapasa mishono hawezi kusukuma chuma kila siku asijue kimeongezwa kitu. "Hii stendi siku hizi imeacha ubishi," alisema mara moja, ncha ya fimbo ikiwa imetua barabara kwenye kile kidole.

"Nimeitia grisi."

"Aha. Grisi nzuri." Akamtazama kwa jicho lile la zamani, la pini mdomoni, na hakuuliza zaidi. Daktari aliingia ndani haraka, akaenda kulia jikoni, tena hakujua analilia nini, maana ilikuwa siku nzuri.

Kisha ikaja siku aliyorudi mapema. Kulikuwa na chanjo ya kuku, na kuku walikuwa wachache kuliko walioandikishwa, kama kawaida. Jua lilikuwa bado kali. Akasimama getini, akabana klachi, akangoja.

Akasikia kitu kikianguka ndani, kitu chembamba, kikavu. Fimbo, aliwaza. Akatabasamu, kwa sababu alijua Fundi ataitukana ile fimbo kama anavyomtukana mdeni, kisha ataiokota kwa kujivuta kwenye kiti. Muda ungepita. Alitaka kuita, akajizuia. Akimwita atajua amesikika, na akijua amesikika ataona haya. Injini ilinguruma chini yake, na hakusikia kitu kingine. Akaongeza moto kidogo, akauachia, ili ndani ijulikane kuwa yupo na hana haraka.

Akangoja.

Muuza mkaa akapita, akamuuliza kama leo mwenye mlango kasafiri. Daktari akacheka. Kicheko kilipokwisha, alijikuta anautazama mlango, na mlango ulikuwa vile vile. Akahisi ubaridi ukimpanda kutoka miguuni ingawa jua lilikuwa likiwaka. Bado hakushuka. Hilo ndilo asilojisamehe mpaka leo: ubaridi ulikuja, akaujua ni wa nini, na bado akampa mumewe nafasi kidogo ya kutokea, na nyingine kidogo, kwa sababu aliona akishuka atakuwa amesema kwa kisigino chake kwamba hatatokea.

Halafu akakisukuma kile kidole. Injini ikazimika, na kutoka ndani hakukuja sauti yoyote.

Alimkuta ukumbini, amelala kifudifudi, uso umeelekea mlango. Kiatu kimoja alikuwa amekivaa. Cha pili kilikuwa mkononi, mkono wa kushoto, kamba zake zimejaribiwa kufungwa. Alikuwa bado na joto. Daktari alimgeuza, akamsikiliza kifua, akaweka shavu puani pake, akafanya kila alichojua kufanya, akijua, kwa kuwa ni kazi yake kujua, kwamba anakifanyia maiti. Alipiga ukunga mmoja tu. Majirani wakaja, muuza mkaa akiwa wa kwanza.

Hospitali walifika na gari la mwenye duka la vifaa. Tabibu wa zamu alikuwa kijana mpole. Alimfunika Fundi vizuri mpaka shingoni kwanza, akatoka, akamkuta mke amekaa kwenye benchi la ukumbini, kofia ya pikipiki ameipakata.

"Mama, pole sana," alisema. Akaketi karibu naye. "Naomba nikuulize machache. Ulimkuta saa ngapi?"

Akamwambia.

"Na nyumbani ulifika muda huo huo?"

Ukumbini mtu alikuwa akisukuma kitanda kilichohitaji mafuta.

"Nilifika mapema," alisema. "Nilichelewa kuingia."

Kijana alimtazama, akataka kuuliza, akaona uso wake, akaacha. Badala yake akamwekea mkono begani. "Mama, nisikilize," alisema. "Kiharusi hiki kilikuwa kikubwa. Hata ungeingia pale pale, isingesaidia kitu."

Daktari aliyajua maneno yale. Alikuwa ameyasema mwenyewe miaka yote, kwenye maboma, kando ya ng'ombe aliyevimba tumbo na kwa mtu aliyeshika kichwa akiuliza kama angemwita asubuhi ingekuwaje. Aliyasema kwa upole ule ule na kwa mkono begani vile vile, na mara nyingine yalikuwa kweli.

"Asante, mwanangu," alimwambia, kama wafugaji walivyokuwa wakimwambia yeye.